Umbali na muda wa safari ya ndege kati ya Nairobi na London

Umbali wa ndege kati ya Nairobi na London ni takriban kilomita 6,840 ukipimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Ndege ya abiria isiyotua njiani kwa kawaida huhitaji muda wa kati ya saa 8 na nusu na saa 9 na nusu kumaliza safari hiyo. Nairobi ni mji mkuu wa Kenya, na London ni mji mkuu wa Uingereza.

Umbali huo haubadiliki, lakini muda wa safari hubadilika kutokana na upepo, njia iliyoruhusiwa, aina ya ndege na uzito wake. Aidha, saa za miji hii miwili hazilingani, kwa hiyo muda wa safari haupatikani kwa kutoa saa ya kuondoka kutoka saa ya kufika kama zilivyoandikwa kwenye tiketi. Makala hii inaeleza jinsi umbali na muda huo unavyohesabiwa.

## Umbali

Umbali wa ndege hupimwa kati ya viwanja viwili vya ndege. Upande wa Nairobi ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (kifupi chake NBO), ulioko Embakasi, kusini mashariki mwa jiji. Uko kwenye latitudo ya nyuzi 1.3 Kusini na longitudo ya nyuzi 36.9 Mashariki. Upande wa London uwanja mkubwa ni Heathrow (kifupi chake LHR), ulioko magharibi mwa jiji, kwenye latitudo ya nyuzi 51.5 Kaskazini na longitudo ya nyuzi 0.5 Magharibi.

Kwa kuwa dunia ni mviringo, njia fupi kati ya mahali pawili si mstari ulionyooka wa kwenye ramani bali ni sehemu ya *duara kuu*, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Ikweta ni mfano mmoja wa duara kuu. Mwanafunzi anaweza kuliona jambo hili kwa kuvuta uzi juu ya tufe la dunia kutoka Nairobi hadi London: uzi ukikazwa, hulala juu ya njia fupi.

Pembe kati ya Nairobi na London, ikipimwa kutoka kitovu cha dunia, ni takriban nyuzi 61.5. Kila uzi mmoja wa duara kuu ni sawa na kilomita 111.2 hivi. Basi:

- 61.5 × 111.2 = kilomita 6,839

Umbali huo ni sawa na maili 4,250 za nchi kavu, au maili 3,690 za baharini, ambazo ndizo zinazotumiwa na marubani.

Sehemu kubwa ya umbali huu ni wa kwenda kaskazini. Tofauti ya latitudo peke yake ni nyuzi 52.8, yaani karibu kilomita 5,870. Jambo hili lina faida kwa msafiri: ingawa anabadilisha bara, habadilishi saa nyingi.

## Njia ya moja kwa moja

Ndege ikifuata duara kuu kutoka Nairobi huelekea kaskazini magharibi. Huvuka ikweta muda mfupi baada ya kuruka, karibu na Nyahururu, kisha hupita juu ya Turkana karibu na mpaka wa Uganda na kuingia Sudan Kusini. Baada ya hapo njia hukata Sudan, hupita karibu na mahali ambapo mipaka ya Sudan, Misri na Libya inakutana, na kuvuka jangwa la mashariki mwa Libya hadi Ghuba ya Sirte. Kisha huvuka Bahari ya Mediteranea na kisiwa cha Sisilia, hupita kando ya pwani ya magharibi ya Italia, huruka juu ya milima ya Alpi karibu na Geneva, hukata Ufaransa na kuingia Uingereza kutoka kusini mashariki.

Hii ndiyo njia ya hesabu. Ndege halisi haiifuati kikamilifu. Kila nchi ina mamlaka juu ya anga yake, na ndege hupangiwa njia na waongozaji wa safari za anga. Pia rubani anaweza kukwepa mawingu ya radi, hasa karibu na ikweta, au kutafuta mahali penye upepo unaomsaidia. Kwa sababu hiyo umbali unaorukwa kwa kweli karibu kila mara huzidi ule wa duara kuu.

## Muda wa kuruka

Kanuni ya msingi ni ile inayofundishwa shuleni:

- muda = umbali ÷ mwendo

Ndege kubwa za abiria za leo, kama Boeing 787, husafiri kwa mwendo wa kilomita 900 hivi kwa saa zikiwa juu. Tukigawa 6,840 kwa 900 tunapata saa 7.6, yaani saa 7 na dakika 36. Hata hivyo ratiba za mashirika ya ndege huonyesha muda mrefu zaidi. Sababu zake ni hizi:

- Ndege haiendi kilomita 900 kwa saa tangu mwanzo. Wakati wa kupaa na wakati wa kushuka mwendo wake ni mdogo zaidi.
- Muda wa ratiba huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inapoegeshwa tena. Muda wa kutembea ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua umo ndani yake.
- Njia halisi ni ndefu kuliko duara kuu.
- Heathrow ni uwanja wenye shughuli nyingi sana. Ndege zinazofika mara nyingi huzungushwa angani kwa dakika kadhaa zikisubiri zamu ya kutua.
- Shirika huongeza dakika chache za tahadhari ili ndege isihesabiwe kuwa imechelewa kwa jambo dogo.

## Upepo

Safari ya kwenda London kwa kawaida huwa ndefu kuliko ya kurudi Nairobi, ingawa umbali ni uleule. Sababu kubwa ni upepo. Juu ya Mediteranea na Ulaya, katika kimo cha kilomita 10 hadi 12 ambako ndege huruka, upepo mara nyingi huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na mikondo yake huwa na nguvu zaidi wakati wa baridi ya huko. Ndege inayokwenda kaskazini magharibi hukutana na upepo huo kwa mbele au kwa ubavu. Inayorudi kusini mashariki husukumwa nao. Mabaharia wa pwani hutofautisha hali hizo mbili kwa kusema pepo za omo na pepo za tezi, yaani upepo wa mbele na upepo wa nyuma ya chombo.

Mfano wa hesabu unaonyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Tuseme mwendo wa ndege katika hewa tulivu ni kilomita 900 kwa saa, na upepo ni kilomita 50 kwa saa katika safari nzima:

- Upepo wa mbele: 900 − 50 = 850; 6,840 ÷ 850 = saa 8 na dakika 3.
- Upepo wa nyuma: 900 + 50 = 950; 6,840 ÷ 950 = saa 7 na dakika 12.

Tofauti ni dakika 51. Katika hali halisi upepo haulingani njia nzima. Karibu na ikweta ni mdogo na mara nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo tofauti ya kawaida kati ya kwenda na kurudi huwa chini ya saa moja.

## Mwinuko wa Nairobi

Uwanja wa Jomo Kenyatta uko takriban mita 1,620 juu ya usawa wa bahari, ilhali Heathrow uko mita 25 tu. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi. Mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua na injini hupata hewa kidogo zaidi, kwa hiyo ndege inayoondoka Nairobi huhitaji mbio ndefu ardhini kabla ya kuruka. Ndiyo maana njia ya kurukia ya uwanja huo ina urefu wa zaidi ya kilomita 4.

Joto huongeza tatizo hilo kwa kuwa hewa ya moto pia ni nyepesi. Saa za usiku na alfajiri, hewa ikiwa baridi, ndege huweza kuruka ikiwa na uzito mkubwa zaidi kuliko saa za mchana. Uzito unaoruhusiwa ukipungua, shirika hulazimika kuchagua kati ya mafuta, abiria na mizigo. Mafuta ya safari na ya akiba hayapunguzwi chini ya kiwango cha usalama, hivyo kinachoachwa kwanza kwa kawaida ni mizigo.

## Tofauti ya saa

Kenya hutumia Saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko saa 3 mbele ya saa za dunia (UTC+3), na haizibadilishi mwaka mzima. Kwa kuwa Nairobi iko karibu na ikweta, jua huchomoza na kuchwa karibu wakati uleule kila mwezi.

Uingereza hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka. Wakati wa baridi hufuata saa za Greenwich (UTC). Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba husogeza saa mbele kwa saa moja (UTC+1). Kwa hiyo:

- Mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi, Nairobi iko mbele ya London kwa saa 3.
- Mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, Nairobi iko mbele kwa saa 2.

Kupata muda wa kweli wa safari, saa zote mbili zigeuzwe kwanza kuwa za mji mmoja. Tazama mifano ifuatayo:

- Mwezi wa Julai ndege inaondoka Nairobi 09:00 na kufika London 16:00 kwa saa za London. Tofauti inayoonekana ni saa 7. Kwa kuwa Nairobi iko mbele kwa saa 2, muda wa kweli ni 7 + 2 = saa 9.
- Mwezi wa Januari ndege iliyoondoka saa hiyohiyo na kuruka kwa muda huohuo inafika 15:00. Hapa ni 6 + 3 = saa 9.
- Mwezi wa Januari ndege inaondoka London 18:00 na kufika Nairobi 05:30 ya siku inayofuata. Tofauti inayoonekana ni saa 11 na nusu. Ukitoa 3, muda wa kweli ni saa 8 na nusu.

Kanuni yake ni fupi: kwenda London ongeza tofauti ya saa, kurudi Nairobi punguza.

Tofauti hii ndogo hufanya uchovu wa kubadili saa kuwa hafifu. Msafiri kutoka Nairobi kwenda New York hukutana na tofauti ya saa 7 au 8, na mwili wake huweza kuhitaji siku kadhaa kuzoea. Anayekwenda London huchoka zaidi kwa kukaa kitini na kukosa usingizi kuliko kwa kubadili saa.

## Kusoma tiketi kwa saa za Kiswahili

Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa kutoka mapambazuko na kutoka machweo. Saa 1 asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na saa 1 usiku ni saa ya kwanza ya usiku. Tiketi za ndege hutumia mfumo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane. Mifumo hii miwili hupishana kwa saa 6, na wasafiri wamewahi kuachwa na ndege kwa kuichanganya.

- 09:00 ni saa 3 asubuhi
- 15:00 ni saa 9 alasiri
- 18:00 ni saa 12 jioni
- 23:30 ni saa 5 na nusu usiku
- 00:15 ni saa 6 na robo usiku
- 05:30 ni saa 11 na nusu alfajiri

Kosa lenye madhara makubwa zaidi ni la tarehe. Siku ya tiketi hubadilika saa 6 kamili usiku. Tiketi iliyoandikwa 00:15 Jumamosi ni ya usiku ule ambao watu wengi huuita Ijumaa usiku, au kwa usahihi zaidi *usiku wa kuamkia Jumamosi*. Msafiri wa ndege hiyo anapaswa kuwa uwanjani Ijumaa saa 3 usiku. Akija Jumamosi usiku, ndege yake itakuwa imeondoka takriban siku nzima iliyopita. Msemo wa "kuamkia" huondoa utata huo, na inafaa kuutumia wakati wa kumweleza jamaa siku ya kwenda kupokea mgeni.

Neno *saa* lenyewe lina maana mbili: wakati fulani wa siku, na kipimo cha muda. "Ndege ya saa tisa" inaweza kueleweka kuwa ndege inayoondoka saa 9 alasiri au ndege inayosafiri kwa muda wa saa 9. Katika mazungumzo watu wengi husema "masaa tisa" kwa maana ya pili. Katika maandishi ni salama zaidi kuandika "muda wa saa 9".

## Historia ya muda wa safari

Kabla ya ndege, msafiri wa kutoka Nairobi alikwenda kwa treni hadi Mombasa, kisha kwa meli kupitia Bahari ya Shamu na Mfereji wa Suez, ambao ulifunguliwa mwaka 1869. Safari hiyo ilihesabiwa kwa majuma.

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianzisha huduma ya kila juma kutoka London hadi Mwanza, kwenye Ziwa Viktoria. Mwanzoni abiria walibebwa hadi Khartoum tu na sehemu iliyobaki ilikuwa ya barua. Mwaka 1932 njia hiyo iliendelezwa hadi Cape Town, ikipita Nairobi. Ndege za wakati huo zilikuwa na mwendo mdogo, zilitua mara nyingi kuongeza mafuta, na abiria walilala hotelini njiani. Sehemu moja ya safari, kati ya Paris na Brindisi nchini Italia, ilifanywa kwa treni. Kutoka 1937 ndege za kutua majini zilipita Kisumu na Mombasa, ambako kuna maji ya kutosha, na Nairobi ikaachwa kando ya njia kuu kwa muda.

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ya shirika la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa ya kwanza duniani kubeba abiria wa kulipa kwa injini za jeti. Ilipita Entebbe nchini Uganda. East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar lililoanzishwa 1946, lilipata ndege za Comet 4 mwaka 1960 na kuzitumia kwenda London. Ndege hizo zilikuwa na mwendo mkubwa, lakini hazikuweza kumaliza umbali wote bila kutua njiani.

Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, na uwanja wa Eastleigh uliokuwa ukitumika kabla yake ukaachiwa kazi za kijeshi. Mwaka 1966 East African Airways ilipokea ndege za Super VC10. Ndege za VC10 zilibuniwa mahsusi kwa viwanja vya joto na vya juu kama Nairobi, na Super VC10 ilikuwa na uwezo wa kuruka kilomita 6,840 bila kutua. Baada ya East African Airways kuvunjika mwaka 1977, Kenya ilianzisha Kenya Airways. Shirika hilo lilipokea ndege zake za kwanza za Boeing 787 mwaka 2014. Kenya Airways na British Airways ndiyo mashirika yanayojulikana zaidi kwa safari za moja kwa moja kati ya miji hii.

Inafaa kutambua kwamba tangu miaka ya 1960 mwendo wa ndege za abiria kwenye njia hii haujaongezeka. Super VC10 ilisafiri kwa mwendo unaokaribiana na wa Boeing 787. Maendeleo yaliyopatikana ni katika matumizi ya mafuta, usalama, kelele na nafasi ya abiria. Muda uliopungua kutoka majuma hadi siku moja, kisha hadi saa 9, umebaki hapo kwa zaidi ya nusu karne.

## Kufungwa kwa anga

Sababu inayoweza kurefusha safari kuliko upepo ni kufungwa kwa anga ya nchi zilizo njiani. Ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa hupita kilomita 15 kila dakika. Basi kila kilomita 150 za kuzunguka huongeza dakika 10, pamoja na mafuta yake.

Nchi mbili kubwa zilizo kwenye njia ya moja kwa moja zimekumbwa na vita. Baada ya mapigano ya mwaka 2014 nchini Libya, mamlaka za usafiri wa anga za Ulaya zilishauri au kukataza ndege kupita juu ya nchi hiyo, na njia nyingi zilihamia Misri. Mapigano yalipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, anga ya Sudan nayo ilifungwa.

Ndege ilibidi zichague kuzunguka mashariki au magharibi. Njia ya mashariki hupita Ethiopia, Bahari ya Shamu na Misri. Ikipimwa kupitia Addis Ababa, Jeddah na Cairo, urefu wake ni takriban kilomita 7,320. Hiyo ni nyongeza ya kilomita 480 hivi, au zaidi ya nusu saa. Njia ya magharibi hupita upande wa Chad na Niger. Njia hiyo nayo iliathirika Niger ilipofunga anga yake tarehe 6 Agosti 2023 baada ya mapinduzi ya kijeshi, na ikafunguliwa tena tarehe 4 Septemba mwaka huohuo.

Upande wa Ulaya pia umewahi kufungwa. Aprili 2010 majivu ya volkeno ya Eyjafjallajökull nchini Iceland yalisimamisha ndege katika sehemu kubwa ya Ulaya kaskazini kwa siku kadhaa. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa kuanzia mwisho wa Machi hadi 1 Agosti. Tarehe 21 Machi 2025 Heathrow ulifungwa kwa sehemu kubwa ya siku baada ya moto katika kituo cha umeme kilicho karibu, na ndege zilizokuwa angani zikarudi zilikotoka au kutua kwingine.

## Mizigo na biashara

Muda wa safari hii una thamani ya pekee kwa mazao yanayoharibika haraka. Kenya huuza Ulaya maua ya waridi, maharagwe mabichi na mboga nyingine, na sehemu ya mazao hayo husafiri chini ya sakafu ya ndege za abiria. Waridi lililokatwa Naivasha asubuhi linatakiwa liwe kwenye ubaridi muda wote hadi linapomfikia mnunuzi.

Hapa umbali, mwinuko na anga iliyofungwa hukutana. Ndege inapolazimika kuzunguka, huhitaji mafuta zaidi. Mafuta zaidi ni uzito zaidi, na uwanja ulio juu kama wa Nairobi huweka mpaka wa uzito wa kuruka. Matokeo yake yanaweza kuwa makasha ya maua yanayobaki ghalani. Wakati wa majivu ya mwaka 2010 mashamba ya Kenya yalitupa maua na mboga kwa kukosa ndege, na baadhi ya wafanyakazi waliambiwa wabaki nyumbani hadi safari ziliporejea.

## Safari za kubadilisha ndege

Abiria wengi hawasafiri moja kwa moja bali hubadilisha ndege katika mji mwingine, mara nyingi kwa sababu ya nauli. Umbali wa duara kuu kupitia baadhi ya miji ni kama ifuatavyo:

- Moja kwa moja: kilomita 6,840
- Kupitia Amsterdam: kilomita 7,050
- Kupitia Addis Ababa: kilomita 7,080
- Kupitia Doha: kilomita 8,570

Orodha hii inaonyesha kwamba kupitia Amsterdam au Addis Ababa huongeza umbali kidogo tu. Kinachorefusha safari ni muda wa kusubiri ndege ya pili, ambao unaweza kuwa saa moja na nusu au hata zaidi ya saa 10. Kwa hiyo anayelinganisha tiketi anapaswa kuangalia jumla ya muda, si idadi ya kilomita.

## Muda wa safari nzima

Kwa msafiri, safari haianzi ndege inaporuka. Katika safari za kimataifa abiria kwa kawaida hushauriwa kufika uwanjani saa 3 kabla ya kuondoka. Barabara ya kutoka katikati ya Nairobi hadi Embakasi ni fupi, lakini msongamano wa magari unaweza kuifanya izidi saa moja. London nako kuna foleni ya uhamiaji, kusubiri mizigo, na safari ya treni au basi kutoka Heathrow, ambao uko takriban kilomita 23 kutoka katikati ya jiji.

Kwa makadirio ya kawaida:

- Nyumbani hadi uwanjani: saa 1
- Kusubiri uwanjani: saa 3
- Kuruka: saa 9
- Uhamiaji na mizigo: saa 1
- Heathrow hadi mjini: saa 1

Jumla ni saa 15. Muda ambao ndege yenyewe iko safarini ni asilimia 60 tu ya muda wote tangu msafiri afunge mlango wa nyumba yake Nairobi hadi agonge mlango wa mwenyeji wake London.